Mfongo wa Uru na tarehe ya 2019

Mgogoro wenyewe ni wa kawaida kwa watu wanaoishi mteremkoni juu ya mji wa Moshi. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa umwagiliaji, unachepushwa mtoni huko juu, unashuka ukipita vihambani, kwenye mashamba yanayozunguka nyumba, na kila kaya ina zamu yake ya kufungulia maji. Chini kabisa, upande wa Uru, karibu na barabara ya vumbi, bwana mmoja alijenga nyumba mwaka 2018 akazungushia ukuta. Kamati ya mfongo ikasema ukuta umekalia njia ya maji. Mwenye nyumba akasema pale hayajawahi kupita maji, palikuwa na njia ya miguu tu, na kwamba wanamwonea kwa sababu ni mgeni kijijini. Hadi hapo mtu wa ramani hana la kusema.

Kilichonivuta ni karatasi. Kamati ilikuwa na ramani ya ukubwa wa A3, imechapwa kwa rangi, kazi ya wanafunzi waliokuja mafunzo kwa vitendo mwaka 2016. Pembeni chini imeandikwa kuwa data imetoka OpenStreetMap, ile ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mstari wa bluu unapita palepale uliposimama ukuta. Lakini mwenye nyumba naye alikuwa na mpwa wake, kijana anayeijua kompyuta vizuri, na yule kijana hakuridhika na kuitazama ramani juu juu. Aliifungua kwenye simu akakuta hakuna bluu, kuna vidoti vya njia ya miguu. Akaubonyeza mstari, akafungua historia yake, akapiga picha ya skrini. Toleo la 1 lilikuwa la Novemba 2019, lina tagi, yaani lebo ya maana, waterway=ditch (mfereji). Toleo la 2 lilikuwa la Februari 2020, na tagi imegeuka kuwa highway=path (njia ya miguu).

“Nyumba ni ya 2018,” alisema mbele ya baraza la kata. “Mfongo umechorwa 2019, ukuta ukiwa umeshasimama. Mwaka uliofuata mtu mwingine akaja kuusahihisha. Sasa, wazee wangu, aliyeghushi ni nani?”

Katika hoja za ramani nilizowahi kusikia kutoka kwa mtu ambaye hiyo si kazi yake, hii ndiyo iliyopangika kuliko zote. Kila alichokisema kilikuwepo kwenye skrini. Hitimisho lake tu ndilo halikuwa sahihi. Na karatasi ya kamati haikuweza kumjibu, kwa sababu karatasi inaweza kuchapwa siku yoyote na kuandikwa mwaka wowote.

Mzee wa kamati aliponipigia, baada ya shikamoo na marahaba, alikuwa na swali moja: “Mwalimu, nani kaufuta mfongo wetu kwenye ramani?” Nikamwomba tulibadilishe. Swali ambalo data inaweza kulijibu ni hili: katikati ya mwaka 2016 ramani huria ilionyesha nini pale, na je, mstari ule wa 2019 ni kitu kipya au ni kilekile cha zamani?

Jinsi ramani hii inavyokumbuka

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Chini ya ile picha tunayoiona kuna hifadhidata, na ndani yake kuna vitu vya aina tatu tu. Kuna nodi, yaani nukta yenye latitudo na longitudo. Kuna mstari, ambao unaunganisha nodi. Na kuna uhusiano, unaokusanya vitu kadhaa pamoja, ambao katika kisa hiki hauna kazi. Maana ya kitu inabebwa na tagi: mstari uleule ukipewa waterway=ditch ni mfereji, ukipewa highway=path ni njia ya miguu.

Kila kitu kina namba yake ya kudumu na namba ya toleo. Mtu akikihariri, toleo la zamani halifutwi; jipya linawekwa juu yake pamoja na saa, jina la akaunti, na namba ya fungu la mabadiliko. Mafungu haya, yenye maelezo mafupi ya mhariri kuhusu alichofanya, yalikuja mwezi Aprili 2009 na toleo la 0.6 la API, yaani mlango ambao programu hupitia kuzungumza na hifadhidata. Hata kufuta ni kuongeza toleo: kitu kinawekewa alama kwamba hakionekani tena, basi. Ukiiuliza seva habari za kitu kilichofutwa inakujibu kwa msimbo 410, maana yake kilikuwepo na kimeondoka, tofauti na 404 ya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Napenda sana tofauti hiyo. Ni hifadhidata chache zenye adabu ya kukuambia kwamba marehemu aliishi.

Kuna matoleo yaliyofichwa kweli. Mwaka 2012 mradi ulihama kutoka leseni ya CC BY-SA kwenda ODbL, na michango ya watu ambao hawakuwa wameyakubali masharti mapya iliondolewa machoni pa umma. Kwa Uru hilo halikutuhusu. Kila kitu tulichokitafuta kilichorwa baadaye.

Sasa jambo ambalo kisa kizima kinalizunguka: mstari hautunzi umbo lake. Unachotunza ni tagi na orodha ya namba za nodi, kwa mpangilio. Latitudo na longitudo ziko kwenye nodi zenyewe. Ni kama orodha ya majina ya watu waliopanga foleni: mmoja wao akisogea hatua tatu kando, orodha haibadiliki hata herufi. Kwa hiyo historia ya mstari inaweza kukaa kimya kabisa wakati mstari unahama, na inaweza kuanza upya kabisa wakati mstari haujahama hata kidogo. Kwa mfongo wetu, yote mawili yalikuwa yametokea.

Kutafuta kitu ambacho huna namba yake

API ya kawaida itakupa historia ya kitu chochote, kwa masharti kwamba unaijua namba yake. Kijana aliijua namba ya mstari wa leo, na ndiyo maana alipata historia ya mstari wa leo. Kama kabla yake kulikuwa na mstari mwingine mahali palepale, API haina njia ya kumwambia. Hailijui swali la “hapa palikuwa na nini zamani”. Inajua “kitu namba fulani kilikuwaje”.

Swali la mahali na tarehe linaulizwa kwa Overpass, seva inayotunza nakala ya data ya OpenStreetMap pamoja na matoleo ya zamani kuanzia tarehe 12 Septemba 2012, siku ya leseni mpya. Ukitaka ya kabla ya hapo, Overpass haikusaidii. Si seva zote za Overpass zinazotunza historia, kwa hiyo mtu achague ile kuu, na eneo liwe dogo, la sivyo muda utaisha kabla jibu halijaja. Swali nililouliza lilikuwa hili:

[out:json][date:"2016-07-15T00:00:00Z"];
way["waterway"](-3.31,37.33,-3.28,37.36);
out meta geom;

Mambo mawili kuhusu mistari hiyo mitatu. Herufi Z mwishoni mwa tarehe ni saa za Greenwich; kwetu unaongeza saa tatu, na mabadiliko yaliyofanywa Moshi saa nane usiku yanaonekana yamefanywa siku iliyotangulia. Kwenye mgogoro unaohusu miezi hilo si kitu, kwenye mgogoro wa siku lingekuwa kubwa. La pili ni mpangilio wa namba za eneo: Overpass inataka kusini, magharibi, kaskazini, mashariki. Programu nyingi nyingine zinaanza na longitudo. Ukizipachika namba za Uru kwa mpangilio huo wa pili, Overpass itakupeleka Hispania, kwenye jimbo la Granada. Ucheshi wake ni kwamba huko nako wana mifereji ya kale ya umwagiliaji inayoshuka kutoka milimani, kwa hiyo unaweza kupata jibu linalofanana na mfongo kabisa na usishtuke mpaka uone majina ya Kihispania.

Jibu la Julai 2016 lilikuwa na mstari mmoja mrefu wa waterway=ditch, kuanzia juu mtoni hadi chini ya barabara, ukipita kwenye kiwanja kinachogombaniwa. Namba yake ilikuwa tofauti na ya mstari wa kijana. Ulichorwa Juni 2016, na maelezo ya fungu lake yalisema umetembewa kwa miguu na kifaa cha GPS.

Hapo kamati ingeweza kushangilia. Lakini mtu makini wa upande wa pili angeuliza: sawa, kulikuwa na mstari 2016, nao mbona haupo leo, na wa 2019 umetoka wapi? Huenda ule wa kwanza ulikuwa kazi mbovu ya wanafunzi, ukafutwa kwa haki, kisha mtu akauchora tena kwa hila. Swali hilo lina haki ya kujibiwa.

Kalavati

Nikaomba historia ya ule mstari mrefu, safari hii nikiwa na namba yake mkononi. Haukuwa umefutwa. Upo hadi leo, bado ni mfongo, ila ni mfupi: unaishia ng'ambo ya juu ya barabara. Toleo lililoufupisha ni la Novemba 2019, na namba ya fungu la mabadiliko ni ileile iliyouzaa mstari wa kijana. Ndani ya fungu hilo kulikuwa na kipande cha tatu, kifupi sana, chini ya barabara, chenye tunnel=culvert.

Kumbe mtu alikuwa ameongeza kalavati. Mfongo unapita chini ya barabara kwenye bomba la zege, na ili bomba lipewe tagi yake peke yake, ni lazima mstari ukatwe vipande vitatu: wa juu, wa kalavati, wa chini. Programu ya kuhariri ikikata mstari, kipande kimoja kinabaki na namba ya zamani na historia yake yote. Vingine vinapewa namba mpya na kuanza toleo la 1, tarehe ya siku ile, kana kwamba vimezaliwa asubuhi hiyo. Kipande cha juu kilirithi historia. Cha chini, chenye ugomvi, kilipewa tarehe ya 2019.

Mhariri huyo hakukosea chochote. Aliboresha ramani. Tarehe ya toleo la 1 nayo haidanganyi, ni ya kweli kabisa: ni siku namba ile ilipoanza kutumika. Haisemi lolote kuhusu mfongo.

Bado huo ulikuwa mfuatano wa matukio tu, nami nilitaka kitu kigumu zaidi cha kumwonyesha kijana. Nikaziendea nodi. Kipande cha chini kina nodi 19. Programu inapokata mstari haizitengenezi upya nodi. Vipande vipya vinazitumia zilezile. Nilipofungua historia ya nodi moja moja, 18 kati yake zilikuwa na toleo la 1 la Juni 2016, zote kutoka kwenye lile fungu la kwanza la wanafunzi. Ya 19, iliyo mwanzoni kabisa mdomoni mwa kalavati, ndiyo pekee ya Novemba 2019. Mtu anayechora mfongo upya kwa hila mwaka 2019 anaanza na nodi mpya. Hawezi kuzirudisha nyuma tarehe za nodi, maana saa inayoandikwa ni ya seva, si ya kompyuta yake.

Hoja ya ukale wa mstari iliishia hapo. Ningekuwa mwanasheria wa kamati ningefunga faili.

Nodi zilizosogea

Tatizo ni kwamba nilipozifungua zile nodi 18, niliona pia kitu ambacho kamati isingekipenda. Nodi 11 zilikuwa na toleo la 2, la mwaka 2021. Mtu alikuwa amezisogeza kuelekea magharibi, mita sita hivi, bila kugusa tagi wala orodha. Ndiyo maana mstari wenyewe bado unasema toleo la 2, Februari 2020, na historia yake haina hata neno moja kuhusu kuhama. Ukuta una upana usiofika nusu mita. Mita sita zinatosha kuutoa mfongo ndani ya kiwanja na kuuweka uchochoroni, au kinyume chake.

Ili kuona umbo la 2016 ni lazima kuchukua, kwa kila nodi, toleo la mwisho lililokuwepo kabla ya tarehe unayoitaka. Overpass inafanya hivyo yenyewe ukiwa umeiambia itoe umbo. Lakini kwenye jambo litakalosomwa mbele ya baraza sikutaka kutegemea seva moja, kwa hiyo nilirudia kazi kwa njia ya pili: faili la historia kamili. Lile la dunia nzima liko wazi kwenye tovuti ya planet ya OpenStreetMap, lakini ni zaidi ya gigabaiti 100, na kwa bando zetu hilo ni la kusimuliwa tu. Kampuni ya Geofabrik ya Ujerumani inatoa vipande kwa nchi, Tanzania ikiwemo. Vile vya kawaida havina historia wala majina ya wahariri. Vyenye historia vinahitaji uingie kwa akaunti yako ya OpenStreetMap, kwa sababu ya sheria za Ulaya za taarifa binafsi. Kisha programu ya osmium:

osmium extract --with-history --bbox 37.33,-3.31,37.36,-3.28 tanzania-internal.osh.pbf -o uru.osh.pbf
osmium time-filter uru.osh.pbf 2016-07-15T00:00:00Z -o uru-2016.osm.pbf

Hapa longitudo inatangulia, kama nilivyotahadharisha. Amri ya kwanza inakata eneo ikiacha matoleo yote; ya pili inarudisha ramani ilivyokuwa siku ile. Nikafungua matokeo kwenye programu ya ramani ya QGIS, nikaweka juu yake jibu la Overpass. Yalilaliana nodi kwa nodi. Kwa umbo la 2016, mstari unakatiza kona ya kiwanja. Kwa umbo la leo, unapita nje.

Umbo lipi ndilo sahihi? Hapa nilikataa kujibu, na mzee wa kamati hakufurahi. Mstari wa 2016 umetokana na GPS ya mkononi chini ya migomba na miti mirefu, ambako mita tano au kumi za kupotea ni jambo la kawaida. Ule wa 2021 umelazwa juu ya picha ya setilaiti, na picha za mteremkoni nazo zina mwelekeo wa kuhama: kinachobadilika ni kielelezo cha miinuko ya mlima kilichotumika kuinyoosha picha, kwa hiyo picha mbili za watoaji wawili zinaweza kuonyesha paa moja mahali pawili. Aliyesogeza nodi aliamini picha yake. Wanafunzi waliamini kifaa chao. Hakuna kati yao aliyepima kwa ajili ya ukuta.

Kwa nini mfongo uligeuka njia

Mabadiliko ya Februari 2020 ndiyo yaliyowauma watu zaidi, ingawa kiufundi ndiyo mepesi kuliko yote. Maelezo ya fungu yalikuwa na alama ya reli (#) ya kampeni ya kuchora kwa mbali, na chanzo kilichotajwa ni picha za setilaiti. Fungu lilikuwa na nyumba nyingi zilizochorwa vizuri na mistari michache iliyogeuzwa tagi.

Tanzania imefaidika sana na uchoraji wa namna hiyo. Ramani Huria ya Dar es Salaam na Crowd2Map ya vijijini, zote zilizoanza 2015, zimeziweka sehemu nyingi kwenye ramani kwa kuchanganya wachoraji wa mbali na watu walioko mahali penyewe. Siwezi kuungana na wanaosema wachoraji wa mbali waachwe. Lakini hebu tuangalie alichokiona mtu aliyegeuza tagi ya mfongo wetu. Wakati wa masika mlima umefunikwa na mawingu, kwa hiyo picha safi zinatoka miezi ya ukavu. Miezi hiyo mfongo wa chini, ulio mwisho wa zamu, mara nyingi ni mkavu. Kingo zake zimekanyagwa, maana watu wote wanapita kandokando ya mfongo kwenda dukani na kanisani. Kwenye picha unaona ukanda mwembamba wa udongo mwekundu kati ya migomba. Mtu aliyekulia mahali pasipo mifongo ataandika njia ya miguu, na hatakuwa amekosea kabisa: ni njia ya miguu kweli. Ni vyote viwili.

Kosa lake ni kubadilisha badala ya kuongeza. Tagi ya wanafunzi ilitoka kwa watu waliotembea pale na kumwuliza mwenyeji. Hiyo haifutwi kwa kutazama picha. Angeacha mfereji na kuchora njia pembeni.

“Basi tupe jina lake,” alisema mama mmoja wa kamati. Jina la akaunti linaonekana kwa yeyote, sikulificha kama siri, lakini sikuliweka kwenye taarifa. Kwa mgogoro wa ukuta halina kazi. Kilichohitajika ni tarehe, chanzo na mabadiliko yenyewe, na vitu hivyo vitatu vinasimama bila jina. Tena nilikuwa nimeshaona kijana akimwita “mtu mkweli” na kamati ikimwita mwizi, na yeye huenda hajawahi hata kusikia neno Uru.

Jambo dogo lililobaki lilikuwa karatasi yenyewe. Nilipoilinganisha na data ya Julai 2016 ilikubaliana karibu kote, isipokuwa tawi moja fupi la bluu upande wa mashariki, ambalo halimo kwenye toleo lolote la kitu chochote, lililopo wala lililofutwa. Nilithibitisha kwa kuiuliza Overpass tofauti kati ya tarehe mbili kwa kipengele chake cha adiff, ambacho kinaorodhesha vilivyoongezwa, vilivyobadilishwa na vilivyofutwa. Kuna uwezekano wanafunzi walilichora kwenye kompyuta yao wakachapa bila kulipeleka kwenye seva. Nililiandika hivyohivyo kwenye taarifa, ingawa mzee aliniomba nilipitishe kimya. Kijana angeliona kabla ya saa moja kuisha, na karatasi yote ingeanguka nalo.

Kwa watu wanaotaka takwimu badala ya mstari mmoja, mfano kilomita za mifereji zilizochorwa Kilimanjaro mwaka hadi mwaka, kuna zana ya ohsome ya taasisi ya HeiGIT huko Heidelberg, inayojumlisha historia yote bila wewe kupakua chochote. Kwa ukuta mmoja haina msaada.

Kilichopelekwa barazani

Baraza la kata siku hizi, tangu marekebisho ya sheria ya 2021, kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha, haliamui. Kwa hiyo taarifa ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na picha mbili za umbo la mstari. Ilisema kwamba mfongo ulikuwa kwenye ramani huria Juni 2016, kabla ya nyumba. Kwamba tarehe ya Novemba 2019 ni ya kukatwa kwa mstari kwa ajili ya kalavati. Kwamba kugeuzwa kuwa njia kulifanywa na mtu aliyetazama picha. Na kwamba ramani hii haiwezi kusema mfongo unapita upande gani wa ukuta.

Kijana aliomba kuonyeshwa nodi. Nilimgeuzia kompyuta, akabonyeza moja, ya pili, ya tatu, akafika ya 19 na kuiona tarehe yake. Akamgeukia mjomba wake: “Mjomba, mstari ni wa zamani kweli. Lakini hiyo ya mita sita tusiiachie.” Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Mjomba naye alilegeza kidogo. Akakiri kwamba alipokuwa akinunua kiwanja aliona shimo refu lenye majani, akaambiwa ni mtaro wa mvua.

Upande wa kisheria ulikuwa mahali pengine tangu mwanzo. Vibali vya kutumia maji vinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi hapahapa Moshi, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na mipaka ya kiwanja iko kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri. Wasuluhishi wakapendekeza mpima wa halmashauri aje na kifaa cha kupimia sentimita, wazee wamwonyeshe kingo za mfongo juu na chini ya ukuta, na hapo katikati afuate mteremko. Pande zote mbili zilikubali kugawana gharama.

Kwenye ramani nilifanya kitu kimoja. Sikulitengua fungu la Februari 2020, maana ningeondoa na nyumba zote zilizochorwa vizuri. Niliufungua mstari ule mmoja kwa mkono, nikaurudishia waterway=ditch, nikaongeza usage=irrigation na intermittent=yes, kisha nikachora njia ya miguu pembeni kama mstari wake wenyewe. Sasa una toleo la 3, na matoleo mawili ya kwanza yako chini yake kama yalivyokuwa. Nodi 11 sikuzigusa. Zitasogezwa mpima akishatoa vipimo vyake, na maelezo ya fungu hilo yatataja vipimo hivyo kuwa ndiyo chanzo.